Fuateni asetilikolini: kwa mnaoanza dawa za mfumo wa neva

Wadogo zangu mlioingia uuguzi mwaka huu, hasa nyinyi mliovuka mpaka kutoka Busia ya Kenya au Bunia kuja kusoma Uganda, najua mmeshakabidhiwa ile orodha ndefu ya dawa za neva. Wengi huikariri kuanzia juu, na wakifika katikati, mwanzo wameshausahau. Iacheni kwanza. Chukueni kemikali moja tu, asetilikolini, muifuate inakokwenda.

Neva ikitaka msuli ufanye kazi au tezi itoe maji, humwaga asetilikolini, nayo hunasa kwenye kipokezi upande wa pili. Kazi ikiisha, kimeng'enya huivunja. Vipokezi ni vya aina mbili: vya maskarini, kwenye tezi, moyo, utumbo na njia za hewa, na vya nikotini, ambavyo kwa muuguzi vya kuangalia zaidi ni vile vya misuli ya mwili. Hayo yakikaa kichwani, twendeni wodini.

Dawa za kuua wadudu shambani huwafikia watu pia, wengine kwa bahati mbaya, wengine kwa kukusudia. Zile za jamii ya oganofosfeti hukizuia kile kimeng'enya, asetilikolini ikajaa. Mgonjwa anatokwa na mate, machozi na jasho, anaharisha, anajikojolea, kifua kinakoroma kwa maji, moyo unapiga polepole, mboni zimesinyaa. Kabla ya kushika sindano vaa glavu, mvue nguo, muoshe kwa sabuni na maji, maana sumu hiyo hupenya ngozi, hata yako.

Atropini huviziba vipokezi vya maskarini. Hurudiwa kila baada ya dakika chache, dozi ikiongezwa, na hapa ndipo wanafunzi hukosea pa kutazama: wanakodolea mboni. Sikilizeni mapafu. Yakikauka, na mapigo ya moyo yakavuka 80 kwa dakika, mmefika. Mgonjwa akianza kuweweseka, joto likapanda na utumbo ukanyamaza, mmepitiliza. Tena atropini haigusi vipokezi vya nikotini. Misuli inaweza kuendelea kuchezacheza kisha ikalegea, na ile ya kupumulia ni misuli pia. Mgonjwa aliyekauka vizuri jioni anaweza kuacha kupumua usiku, ndugu zake wakidhani amelala. Mhesabieni pumzi.

Chumba cha upasuaji mtakuta neostigmini, inayozuia kimeng'enya kilekile, safari hii kwa faida: inaondoa ulegevu wa baadhi ya dawa za kulegeza misuli. Mtu wa usingizi huitoa pamoja na atropini, na sababu sasa mnaijua.

Mkienda hospitali ya Butabika kwa mazoezi ya afya ya akili, mtakutana na asetilikolini kwa mlango wa nyuma. Haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili, huziba dopamini, kemikali nyingine ya ubongo. Dopamini na asetilikolini ni kama sahani mbili za mizani: moja ikishuka, nyingine inapanda. Kijana aliyeanza dawa juzi anapinda shingo, ulimi unatoka, macho yamegeukia juu. Ndugu watasema ni pepo, na msiwacheke, kwa kweli inatisha. Dawa yake ni kuipunguza nguvu asetilikolini, kwa benziheksoli. Lakini nayo, kama atropini, hukausha kinywa, hufunga choo na kuzuia mkojo; amitriptilini, dawa ya sonona, vilevile. Kwa hiyo muulizeni mgonjwa choo chake hata kama hajalalamika. Halafu hesabuni vidonge vya benziheksoli vizuri, kuna wanaovitafuta kwa ajili ya kulewa.

Leba sasa. Magnesiamu salfeti ya kifafa cha mimba hupunguza asetilikolini inayomwagwa kwenye misuli. Ikizidi, goti huacha kuruka ukiligonga, na hilo hutangulia pumzi kusimama. Ndiyo maana kabla ya kila dozi tunagonga goti, tunahesabu pumzi (zisipungue 16 kwa dakika) na kupima mkojo (angalau mililita 30 kwa saa), kwa kuwa magnesiamu hutolewa na figo. Kimoja kikikosekana, dozi inasimama na daktari anaitwa, hata saa nane ya usiku. Kalsiamu glukoneti gramu 1 iwe karibu na kitanda, si stoo. Kalsiamu ndiyo inayoisaidia neva kumwaga asetilikolini, ndiyo maana inatibu.

Zilizobaki zina njia zake. Diazepamu hukuza kazi ya GABA, kituliza ubongo. Ya mshipani isukumeni polepole huku mkitazama kifua. Mofini nayo husinyaza mboni, lakini mgonjwa wake ni mkavu, ametulia, anapumua kwa nadra. Huyo anahitaji naloksoni, inayoondoa nguvu ya mofini. Fenitoini, dawa ya kifafa, ya mshipani ichanganywe na maji ya chumvi, kwani kwenye dripu ya sukari huganda chembechembe, na isizidi miligramu 50 kwa dakika. Na binti anayetumia kabamazepini, nayo dawa ya kifafa, akija kliniki ya uzazi wa mpango, mwambieni mapema kwamba inadhoofisha vidonge na vipandikizi. Sindano ya miezi mitatu au kitanzi vitamfaa zaidi.