Itale ya Dodoma haichongwi kwa hasira

Vijana huniuliza kwa nini nang'ang'ania kuchonga mawe kwa tindo na nyundo wakati grainda zipo. Grainda ninayo, naitumia kukatia. Ila itale, yaani jiwe gumu la graniti, iliyochongwa kwa mkono inanasa jua la jioni. Ile ya mashine, kwa macho yangu, inafanana na vigae vya choo.

Kilichonifundisha ni kizingiti cha mlango, huko Ntyuka, Dodoma. Siku tatu za kazi, kilibaki kinundu kidogo pembeni. Nikaelekeza tindo nje. Pigo moja tu, kona ikadondoka, kipande cha ukubwa wa kiganja. Mwenye nyumba alikuwa kasimama palepale na kikombe cha chai, wala hakusema neno. Bora angefoka.

Tangu hapo naanza na kingo. Kwanza gonga jiwe: likilia kama kengele, ni zima, likitoa sauti ya chungu chenye ufa, liache. Kisha chora mstari, uchonge ukanda wa vidole viwili kuzunguka uso wote, tindo ikielekea ndani daima. Simamisha rula mbili kwenye kanda mbili zinazotazamana, uchungulie kwa jicho moja. Zikilingana juu, uso haujapinda. Ndipo uingie katikati na tindo ya ncha, ukiisimamisha karibu wima. Ukiilaza kwenye itale inateleza tu na kukuchosha mkono. Matumbawe ya Unguja ni laini, yana mambo yake.

Tindo butu ndiyo inayoleta hasira. Zangu kanifulia mhunzi kutoka springi ya lori, lakini kuzitia ugumu nafanya mwenyewe, kivulini, maana juani rangi huzioni. Pasha mpaka iwe nyekundu, chovya ncha tu kwenye maji, isugue haraka ing'ae, halafu tulia utazame rangi zikishuka kuelekea nchani. Rangi ya asali ikifika, tumbukiza yote. Ukisubiri bluu, ncha itajikunja.

Na maji, jamani. Vumbi la itale lina silika, madini yenye chembe ndogo kali, likiingia mapafuni halitoki. Lowesha jiwe, funika pua, vaa miwani. Mzee aliyenifunza alichonga mawe makavu miaka yote. Leo akipanda ngazi tatu lazima asimame akohoe.

Kile kizingiti kilichovunjika nilikilipa, nikakibeba nyumbani. Ndicho ninachokalia nikinoa.