Kwa wanaoanza kuvua straipa Chesapeake: samaki mliyemrudisha bado ni wenu

Kila Aprili inapofika nawaona wavuvi wapya wa Ghuba ya Chesapeake, huku Maryland na Virginia nchini Marekani, wakirudia makosa ambayo sisi tuliotangulia tulikwisha kukemewa. Wadogo zangu, nawaandikia kwa upendo, lakini subira pia imeniishia, kwa sababu straipa (samaki mwenye mistari ubavuni, kwa Kiingereza striped bass) wamepungua mno.

1. Someni kanuni upya kila mwaka. Zile za 2024 ziliruhusu samaki mmoja tu kwa siku: baharini awe na urefu wa inchi 28 hadi 31, na ndani ya ghuba inchi 19 hadi 24. Kuanzia maili 3 kutoka pwani hairuhusiwi kumvua kabisa, na katazo hilo ni la tangu 1990.

2. Msinung'unike mito inapofungwa. Majike wakubwa hutoka baharini na kupanda Potomac, Choptank na Nanticoke kwenda kutaga mayai, hasa Aprili na Mei, maji yanapopata joto la kutosha. Mayai hayo hayashiki kwenye jiwe wala kwenye majani. Hubebwa na mkondo kwa muda wa siku mbili hivi mpaka yaanguliwe, na mkondo ukilegea huzama kwenye tope na kufa. Wakimaliza kutaga, majike hao huelekea kaskazini, wengine hadi Maine, na majira ya baridi huwakuta karibu na Virginia na North Carolina. Sehemu kubwa ya straipa wa pwani ya Atlantiki huzaliwa katika ghuba hii, kwa hiyo jike anayeuawa hapa mvuvi wa Massachusetts atamkosa.

3. Mkivua kwa chambo, tumieni ndoana ya duara, yaani ile ambayo ncha yake imepindia ndani, ambayo ni ya lazima tangu 2021.

4. Hili ndilo linaloniuma. Julai moja, mwanzoni mwa mwezi, msimu ukiwa wazi, nilikuwa gatini nikitazama mashua ya vijana iliyotia nanga jirani. Walinasa samaki mmoja mkubwa, wakamlaza juu ya sakafu iliyochomwa na jua, wakampima kwa uangalifu na kukuta amezidi inchi 24. Walikubaliana mara moja kwamba lazima arudishwe, na hapo niliwaheshimu. Lakini kila mmoja alitaka picha yake, basi samaki akapita mkono kwa mkono, ameshikwa taya, mwili wote ukining'inia, huku mashavu yakifunguka na kufumba bila maji. Nilipaza sauti wamtie majini, nao wakanipungia mkono kwa furaha. Mwishowe walimtupa. Alielea tumbo juu, akajaribu kujigeuza, akashindwa, na mkondo ukamchukua huku wao wakitia chambo kipya, wakiamini kwa moyo safi kwamba wametii sheria. Walikuwa wameitii kweli, na samaki alikufa vilevile. Maji ya joto hubeba oksijeni kidogo, naye alikuwa amekwisha kumaliza nguvu zake kwenye mshipi kabla hata ya picha ya kwanza. Mwaka 2017 karibu nusu ya straipa wote wa pwani waliokufa kwa sababu ya uvuvi walikuwa ni hao waliorudishwa majini.

5. Wazee wakitaja 1985, wasikilizeni. Maryland ilisimamisha uvuvi wa straipa kabisa mwaka huo, ikaufungua tena 1990, na samaki wakatangazwa kuwa wamerejea 1995. Utafiti wa jimbo, unaovuta kokoro kuhesabu wachanga tangu 1954, una wastani wa wachanga takriban 11 kwa kila mvuto. Mwaka 2023 ulipata 1. Wachanga wa mwaka huo ndio mngewategemea miaka ijayo, na jike huhitaji miaka mitano au zaidi kukomaa.

6. Lowesheni mikono kabla ya kumgusa samaki, mng'oeni ndoana akiwa bado majini, na picha iwe moja. Utabiri wa hali ya hewa ukitaja joto la nyuzi 90 za Farenhaiti (takriban 32 za Selsiasi), acheni kuvua ifikapo saa nne asubuhi. Ukitaja 95, siku hiyo msimvue straipa hata kama msimu uko wazi.