Kubadilisha injini ya boti ya nguvu farasi 40 kwa ya 60

Ndugu, umeuliza iwapo injini yako kuukuu ya mipigo miwili, yenye nguvu farasi 40, inaweza kubadilishwa kwa mpya ya mipigo minne yenye nguvu farasi 60. Kabla ya kuulizia bei, tazama kibati cha mtengenezaji wa boti, kwa kuwa kiwango cha juu cha nguvu kilichoandikwa pale hakipaswi kuvukwa hata kidogo, na hilo nakusihi usilipuuze. Uzito ndio unaonitia wasiwasi zaidi: injini za mipigo minne kwa kawaida ni nzito kuliko za mipigo miwili za nguvu ileile, na tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, ikizama mno, maji huweza kuingia kwa nyuma pale unapopunguza mwendo ghafla na wimbi la boti yako mwenyewe likakufikia. Pima pia kimo cha ubao wa tezi unaobeba injini. Injini yenye shafti fupi, yaani mhimili mfupi unaoshuka hadi majini, hufaa ubao wa kimo cha sentimita 38 hivi, na yenye shafti ndefu wa 51. Rafadha, yaani pangaboi inayosukuma boti, ichaguliwe mwisho, baada ya majaribio majini, ili injini ikifunguliwa mafuta yote ifikie mizunguko kwa dakika iliyopendekezwa na mtengenezaji wake. Kwa boti iliyoundwa kubeba injini nyepesi, mimi ningebaki na 40.