Barua kwa mwanangu: umeniuliza kama kizazi kina bakteria

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma usiku, nikaurudia asubuhi. Mimba ya pili ya kupandikizwa haikushika, na sasa kliniki wanakutaka ulipie kipimo cha bakteria wa kwenye kizazi. Ukaniuliza: "Mama, kwani huko ndani kuna bakteria? Au mimi ni mchafu?"

Hilo la mwisho nalijibu kwanza: hapana. Na neno hilo usilirudie.

Sisi wakunga wa zamani tulifundishwa kwamba mji wa mimba hauna kijidudu hata kimoja. Nililiandika hivyo kwenye mtihani, nikapewa alama zangu zote. Wa ukeni tuliwajua. Mjerumani Albert Döderlein aliwaeleza tangu 1892. Ni hawa laktobasilasi, wanaotoa asidi ya laktiki na kuufanya uke uwe mchachu, pH chini ya 4.5, wadudu wabaya wasipate pa kustawi. Lakini ukivuka mlango wa kizazi, tuliambiwa, hakuna kitu.

Vipimo vya vinasaba vilipokuja, alama za bakteria zikaonekana na huko juu, ila ni wachache mno wakilinganishwa na wa ukeni. Mwaka 2016 utafiti uliotoka Hispania uliwapima wanawake 35 waliokuwa wakipandikizwa mimba. Wale ambao laktobasilasi hawakufika asilimia 90 ya bakteria wa kizazini, mimba zao zilishika kwa shida zaidi. Kipimo unachouziwa kimejengwa juu ya tafiti za namna hiyo. Thelathini na watano, mwanangu! Mimi zamu moja yenye shughuli nilikuwa naona wengi kuliko hao.

Tena fikiria sampuli inavyochukuliwa. Kimpira chembamba kinapita ukeni, kinapenya mlango wa kizazi, ndipo kinafika. Njiani kote huko bakteria wamejaa. Wakinasa hata kidogo tu, maabara itawahesabu kama wenyeji wa kizazi. Hata dawa za maabara zenyewe huwa na mabaki ya vinasaba vya bakteria, na penye wachache namna hii, mabaki hayo yanatosha kupotosha majibu.

Sikwambii usipime chochote. Klamidia na kisonono zinaweza kukaa kimya huku zikiziba mirija. Hizo hupimwa na hutibika. Uliza pia kuhusu uvimbe sugu wa ukuta wa ndani wa kizazi, ule wa maambukizi, si fibroidi. Wanakata kinyama kidogo, wanatafuta seli za plazima, aina ya seli za kinga ya mwili, kwa hadubini, na ukipatikana unatibiwa kwa antibiotiki. Ukitokwa na uchafu wenye shombo ya samaki, hapo bakteria wa ukeni wamevurugika, na dawa ipo.

Kuhusu kipimo chao, muulize daktari swali moja: majibu yakitoka mabaya, utanipa nini, na kuna ushahidi gani kwamba hicho kitanipa mtoto? Akikutajia vidonge vya bakteria wazuri, mwombe akuonyeshe ushahidi huo.

Nami nina kosa la kukiri. Miaka mingi niliwaambia kina mama wajisafishe ndani kwa maji ya chumvi. Kumbe nilikuwa nawaosha walinzi wao. Uke hujisafisha wenyewe. Nje maji yanatosha. Ile chupa ya sabuni yenye manukato niliyoiona bafuni kwako, nilinyamaza nisije nikakuudhi. Itupe.

Niandikie daktari alivyojibu.

Mama yako