Shingo ya gitaa ikinata, usikimbilie msasa

Mwanzoni nilidhani tatizo ni mimi. Nilikuwa napiga solo kanisani hapa Tanga, na kila tulipoingia kwenye sebene, pale mkono unapotakiwa kupanda hadi freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo chini ya nyuzi) na kushuka kabla mwimbaji hajavuta pumzi, kidole gumba kilikuwa kinabaki nyuma. Nikafanya mazoezi wiki nzima, hola. Kumbe kilikuwa kinanata nyuma ya shingo ya gitaa. Nilipokaa kimya chumbani nikakisikia kabisa, kamlio kadogo kama ndala juu ya sakafu iliyomwagikiwa soda.

Joto letu mnalijua. Nikaambiwa nipake poda ya watoto. Nyimbo mbili za kwanza mkono uliteleza raha mustarehe. Wimbo wa tatu poda ikakutana na jasho, ikawa ugali.

Kosa la pili ndilo lililoniuma. Nilichovya kitambaa kwenye tina, nikasugua kidogo tu usawa wa freti ya 5. Vanishi ikalainika, ikakunjamana, nami kwa kihoro nikaigusa nione imekuwaje. Alama ya kidole imo mpaka leo. Tina kazi yake ni kuyeyusha rangi, sasa sijui nilitegemea nini.

Siku hizi mtu akiniletea gitaa linalonata, naanza na fulana kuukuu ya pamba. Nailowesha, naikamua mpaka isidondoshe, naweka tone moja la sabuni ya vyombo, nafuta nyuma ya shingo kuanzia kichwani hadi inapoungana na bodi, kisha nakausha papo hapo. Halafu naitazama fulana. Ikitoka na rangi ya chai, basi kilichokuwa kinanata ni jasho na mafuta ya ngozi yaliyoganda, na magitaa mengi niliyoshika yalipona hapo hapo. (Sisi tunaopaka mafuta ya nazi baada ya kuoga tuanze kwa kunawa mikono.) Upande wa freti, kama mbao yake haina vanishi, usiupelekee maji ya sabuni, kitambaa kikavu kinatosha.

Ukishasafisha na bado inanata, bonyeza ukucha taratibu sehemu isiyoonekana. Ukizama, vanishi yenyewe imelainika. Hutokea sana kwa vanishi ya nitroselulosi, ile ambayo Gibson, watengenezaji wa magitaa wa Marekani, wanaitumia: haipatani na jasho, wala na mpira wa baadhi ya stendi za gitaa. Hutokea pia gitaa likipakwa upya na fundi wa vitanda na kurudishwa kabla halijakauka sawasawa. Hilo la pili litundike penye hewa wiki kadhaa kwanza. Lile la kwanza lipeleke kwa fundi anayejua kubandua na kupaka upya, maana msasa utaziba tu, utabaki unasukuma ulimbo.

Ukucha usipozama, una ile vanishi ngumu ya kiwandani, inayong'aa kama gari jipya. Haina ubovu wowote. Inang'ang'ania ngozi yenye jasho kwa sababu ni nyororo mno, na hii ndiyo kazi ya msasa. Nenda duka la rangi za magari, omba namba 1000. Stili waya ya jikoni iache jikoni: inachimba mikwaruzo, na kwenye gitaa la umeme chembe zake hukimbilia sumaku za pikapu, vile vifaa vya kunasa sauti chini ya nyuzi, kuzitoa ni kazi nyingine.

Funika bodi kwa gazeti na kichwa kwa tepu, usije ukafuta nembo. Sugua kwa urefu wa shingo, usizungushe, na nguvu iwe uzito wa mkono tu. Mipigo kama kumi, futa vumbi, pitisha gumba. Unatafuta weupe hafifu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Vumbi likiwa jeupe uko salama; likianza kuwa na rangi ya mbao, acha mara moja, umeshaimaliza vanishi. Kwa unyevu huu wa pwani mbao iliyo uchi inakunywa maji, na shingo ikipinda hutakuwa tena na habari ya kunata.

Mng'ao utarudi polepole kwa sababu mkono wako wenyewe unaipiga polishi kila unapopiga. Ukirudia, tumia 1500, maana vanishi haiongezeki. Mimi nimerudia mara mbili ndani ya miaka minne. Ile alama ya kidole sijaigusa. Nikiwa katikati ya sebene macho yako kwa mpiga besi, gumba likipita juu yake, najua niko freti ya 5.