Mleta uzi, hilo jiko la mkaa lisiingie kwenye banda la gari

Salamu baadaye. Umeandika kwamba sikukuu ya mwisho wa mwaka mtakula nyumbani watu 14, utabiri unasema theluji ya nusu mita inaanguka usiku wa kuamkia siku yenyewe na umeme huenda ukakatika. Bata mzinga wa kilo 7 bado kaganda kwenye friza. Umeme ukikatika, mpango wako ni kuingiza jiko la mkaa kwenye banda la gari, unyanyue mlango kidogo, uchome humo. Ukauliza pia bata anaganduliwaje, vyakula vingine vizikwe kwenye theluji au la, vinywaji na mapambo. Naanza na jiko, kwa sababu hayo mengine yakiharibika mtalala njaa, hili likiharibika hamtaamka.

Na najua ushauri huo umetoka wapi. Kila msimu wa baridi kuna watu wanapita kwenye nyuzi za namna hii wakiandika kwa kujiamini: "Washia nje, mkaa ukishakolea na moshi ukaisha ingiza ndani, hauna neno." Wanaandika, wanapewa likes, wanaondoka. Inanikera sana, kwa sababu ushauri huo una sura ya ukweli. Moshi unaisha kweli. Macho hayawashi tena, hakuna harufu, jiko linaonekana limetulia. Kinachoua hakijawahi kuwa ule moshi.

Tazama mkaa ukiwa umekolea vizuri gizani. Juu yake utaona vimiali vidogo vya bluu vinavyochezacheza. Hiyo ni gesi ya kaboni monoksidi inaungua. Inatengenezwa katikati ya rundo, mahali ambapo oksijeni haifiki ya kutosha: hewa ya ukaa (kaboni dioksidi) inapopenya kwenye makaa mekundu inageuka kuwa kaboni monoksidi. Ikifika juu ikakuta joto na hewa, inawaka kwa ule mwali wa bluu. Sasa subiri makaa yafunikwe na majivu, wekundu ufifie, vile vimiali vizimike. Gesi bado inatoka, ila haiungui tena. Inapanda vilevile ilivyo hadi kwenye pua yako. Maana yake ile hatua ambayo watu wanaiita salama, makaa mekundu yasiyo na moshi wala mwali, ndiyo ya kuiogopa zaidi. Inaendelea hivyo mpaka mkaa upoe kabisa, saa nyingi baada ya nyama kuliwa. Kwa hiyo hata kulirudisha jiko ndani baada ya kuchoma ili "lipashe chumba" ni kosa lilelile.

Gesi hii haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu inashikana na himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi, ikishika haiachii haraka. Hata mtu akitolewa kwenye hewa safi, inachukua takriban saa 4 hadi 5 kupungua kwa nusu tu. Ndiyo maana hospitali wanampa mgonjwa oksijeni tupu, inayoshusha muda huo hadi kama saa moja na nusu. Ikifika sehemu 1,600 kwa milioni ya hewa, kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu vinaanza ndani ya dakika 20, na kifo kinaweza kufika ndani ya saa 2. Kwenye sikukuu dalili hizo zinapotea kirahisi, kwani watu wameshiba, wengine wamekunywa, wengine wamechoka na safari. Mtu akisema kichwa kinamuuma anaambiwa akalale. Alama ya kuishika ni hii: watu wawili watatu wanaumwa kwa pamoja, hawana homa, na wakitoka nje wanapata nafuu. Hapo toeni kila mtu nje, pamoja na waliolala, pigeni simu ya dharura mkiwa nje, na msirudi kuchukua makoti.

Sasa mlango wako ulionyanyuliwa kidogo. Unadhani hewa chafu itatoka kupitia pale. Wakati wa baridi inakwenda kinyume. Nyumba yenye joto inavuta kama bomba la moshi: hewa ya moto inapanda na kutorokea kwenye nyufa za juu, na pengo lake linajazwa na hewa inayovutwa kutoka chini, ikiwemo ya banda la gari, kupitia mlango unaounganisha banda na jikoni. Huo uwazi wa chini unaingiza hewa baridi inayosukuma gesi kuelekea ndani kwenu. Ukiwasha na feni ya kutoa moshi jikoni, unaongeza mvuto. Kufungua mlango wote nako hakukuokoi, upepo ukigeuka umekwisha.

Basi kanuni ni moja: chochote kinachowaka kwa mkaa, kuni, petroli au mtungi wa gesi wa kambini kikae nje, na nje ni mahali pasipo kuta wala paa. Kibaraza chenye paa si nje. Banda lililofunguliwa mlango si nje.

Kama ni lazima kuchoma, fanya hivi. Chagua mahali umbali wa mita 6 au zaidi kutoka mlango na madirisha, mbali na ukingo wa paa, maana theluji ya paani huteleza ikaanguka kwa mkupuo. Chimba mpaka ufike ardhi ngumu. Watu wengi wanashindilia theluji tu na kuweka jiko juu yake: baada ya nusu saa joto linayeyusha chini ya mguu mmoja, jiko linainama, makaa yanamwagika. Ongeza mkaa kuliko ulivyozoea, funika, na usifunue ovyo, kwa kuwa kila ukifunua kwenye baridi kali joto lote linakimbia. Majivu yatie kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, iache nje siku kadhaa, isikae juu ya mbao.

Jenereta ni hivyohivyo: mita 6, ekzosi ielekee mbali na nyumba. Na theluji yenyewe inaweza kukuletea gesi hii bila jiko lolote. Mitambo mingi ya kisasa ya kupasha nyumba kwa gesi haitoi moshi kwenye dohani, inatoa kwa mabomba ya plastiki yanayochomoza ubavuni mwa nyumba, mara nyingi chini chini. Upepo ukirundika theluji pale, bomba linaziba. Ukibahatika mtambo unajizima na nyumba inaanza kupoa. Usipobahatika, gesi inarudi ndani. Zunguka nyumba kabla giza halijaingia, yajue mabomba yako yako wapi, na wakati theluji inaanguka toka kila baada ya saa chache uyafukue, mita moja kila upande. Gari nalo: fukua ekzosi kwanza ndipo uwashe. Usiwaweke watoto ndani ya gari linalounguruma "wapate joto" huku wewe unachimba theluji. Ekzosi ikiwa imezibwa, gesi inaingia walipokaa.

Nunua kengele ya kaboni monoksidi yenye betri leo, si kesho kutwa theluji ikishafunga barabara. Weka moja kila ghorofa, na karibu na vyumba vya kulala. Geuza uangalie tarehe nyuma yake, kwa sababu kihisio huchoka baada ya miaka 5 hadi 10 kutegemea aina, hata kama taa bado inawaka. Mlio mmoja mmoja unaopishana kwa muda ni betri. Milio minne mfululizo ni gesi. Usiitoe betri kwa sababu inawasumbua wageni.

Ila njia bora kwako ni kutohitaji hilo jiko kabisa: pika kabla ya theluji. Oka bata siku moja kabla dhoruba haijafika, umeme ukiwepo, nyuzi 165 za Selsiasi, kama saa 4 kwa kilo 7 akiwa hajajazwa kitu tumboni. Pima kwa kipimajoto kwenye paja na sehemu nene ya kidari, isipungue nyuzi 74. Kata nyama, itandaze kwenye vyombo vya kina kifupi, iingie friji ndani ya saa 2. Siku ya kula unaipasha hadi nyuzi 74 tena. Umeme ukiwa umekatika, majiko ya juu ya gesi mengi huwashika kwa kiberiti, lakini oveni nyingi za kisasa hazitawaka. Na jiko la gesi ni la kupikia tu, dirisha likiwa wazi kidogo, si la kupashia nyumba.

Kuzika chakula kwenye theluji, hapana. Jua likitoka kidogo chombo kinapata joto hata hewa ikiwa chini ya sifuri, na wanyama wananusa. Theluji itumie kinyume chake: jaza maji kwenye vyombo, yaache nje yagande, kisha hayo mabarafu uyaingize kwenye deli au friji. Friji isiyofunguliwa inashika baridi saa 4, friza iliyojaa saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Chakula chenye nyama, maziwa au mayai kilichokaa juu ya nyuzi 4 zaidi ya saa 2, tupa.

Mapambo na vinywaji wadau wengine watakujibu. Bata anaganduka ndani ya friji kwa siku moja kila kilo 2 hadi 2.5, kwa hiyo wa kilo 7 hesabu siku 4, akiwa kwenye sinia ili maji yake yasichuruzikie vyakula vingine. Usimwache juu ya meza: nje analainika na kuanza kuotesha bakteria wakati ndani bado ni jiwe. Ukichelewa, mzamishe kwenye maji baridi akiwa kwenye mfuko usiopitisha maji, badilisha maji kila dakika 30, kama saa 7 hadi 8 hivi, na aingie oveni papo hapo. Ukitaka kumwoka kabla ya dhoruba, rudi nyuma siku 4 kutoka siku ya kuoka, na siku hiyo ndiyo ya kumtoa friza.