Barua kwa mwanangu mshereheshaji: sifa ya kwenye maiki

Mwanangu,

Marahaba, baba. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema kwenye sendofu ya wiki jana huko Tabora ulimwona dada mmoja amekaa mezani kwake, ukasema kwenye maiki: "Dada wa gauni la kijani, hebu simama uzunguke, ukumbi uone Mungu anavyojua kuumba." Akainuka nusu, akakaa, akajifunika mtandio, na chakula hakukisubiri. Kesho yake katibu wa kamati akakupigia kwamba umemdhalilisha mgeni wao. Unaniuliza kumsifia mwanamke mbele za watu kuna kosa gani, na kama kulikuwa na kosa, mbona ukumbi mzima ulicheka.

Ulikosea. Siwezi kukuambia uache kusifia, maana mshereheshaji asiyesifia hana kazi. Watu wamechanga, wameshona sare, wamekaa saluni tangu asubuhi, na wanastahili kuambiwa. Ila sifa ina namna zake.

Anza na kitenzi chenyewe. Ukimwambia mtu "umependeza", unazungumzia leo: kitambaa alichokichagua, fundi aliyemshonea, kilemba alichokifunga mbele ya kioo mpaka kikakaa. Ni kazi ya mikono yake na akili yake, na anaweza kuipokea kwa neno moja, "asante", yakaisha. Ukisema "una umbo", umeiacha kazi yake ukaenda kwenye mwili wake. Ukisema "unavutia" umeshaingiza mtu anayevutwa, na ukisema "unanivutia", hiyo "ni" iliyokaa katikati ni wewe, na sasa sentensi si sifa tena, ni posa isiyo na mshenga. Kabla neno halijatoka, tafuta wewe uko wapi ndani yake. Ukijikuta umo, limeze.

Yale ya mitaani, pisi kali, chombo, mzigo, mama bado unalipa, sitayazungumzia sana. Vyombo na mizigo ni vitu, na mtu hakuja sherehe kuhesabiwa na vitu.

Lakini hata neno zuri huharibiwa na amri. Uliposema "simama uzunguke" ulimnyima yule dada njia. Uani, jirani akikwambia umependeza unaweza kucheka, kukataa, kumrudishia, au kupita tu. Mbele ya watu mia mbili na hamsini, wewe una maiki na yeye hana. Akikataa ataonekana ana maringo, akikubali atazungushwa kama ng'ombe wa mnadani. Na usimsahau mpiga video: ukimtaja mtu, taa inamgeukia hapohapo, na kipande kile kinalala usiku huo kwenye simu za watu asiowajua. Mume wake atakiona. Mkwe wake atakiona. Swali la nyumbani litakuwa "yule emsii unafahamiana naye?" na wewe hutakuwepo kujibu.

Kuhusu kicheko. Ukumbi hucheka kwa sababu nyingi, na mojawapo ni kutaka jambo lipite haraka. Usipime kwa kicheko, pima kwa upande sauti inakotokea. Sifa ikikaa vizuri, vigelegele huanzia meza yake mwenyewe: dada zake, mashoga zake, shangazi. Wanawake hawampigii kigelegele mwenzao aliyeaibishwa. Ikikaa vibaya utasikia miluzi na "weee!" kutoka meza za wanaume huko nyuma, na meza yake imenyamaza. Ukisikia hivyo usiongeze neno. Mwambie DJ apige wimbo, hamia kwenye jambo linalofuata kwenye ratiba. Mtazame na mikono: mwanamke anayevuta mtandio, anayeshusha gauni magotini, anayemtazama aliyekuja naye kabla hajatabasamu, tabasamu lile ni la kukusitiri wewe.

Sasa kazi yenyewe. Nusu saa kabla ya kuanza, kaa na katibu wa kamati na mama mmoja mtu mzima wa upande wa bibi harusi. Waulize majina na vyeo vya watu watakaotajwa, nani amefiwa karibuni, nani hapendi kuinuliwa, nani ameshona sare na fundi gani. Andika. Unapofika kwenye sifa, sifia kundi kwanza: "Meza ya mashangazi, kitenge hiki mmekitendea haki, na fundi aliyekata mikono hii tunamsalimu." Sentensi moja, pumzi, endelea. Mtu mmoja mmoja msifu aliye kwenye orodha tu, tena kwa jina na heshima yake, Mama Fulani, Bibi Fulani, wala usimwite kwa rangi ya gauni. Usimwinue aliyekaa. Bibi harusi ndiye pekee ambaye macho yote yaliitwa kwa ajili yake. Hata yeye msifu mara mbili, anapoingia na anapokaa, basi. Mara ya tano wasimamizi wake wanaanza kutazamana, na mama mkwe anaanza kujiuliza umekuja kufanya nini.

Huku kwetu Ujiji kuna jambo ambalo vijana mnalisahau mkishatoka. Sifa isiyo na "Mashaallah" huwa nzito kwa mwenye kusifiwa. Watu wanaogopa husda, na mtu akisifiwa uzuri bila jina la Mungu, usiku akiumwa kichwa, kinywa chako ndicho kitakachotajwa. Litangulize neno hilo, usilibandike mwishoni kama kiraka. Na aliyevaa buibui amejisitiri kwa makusudi. Kumsifia kwa kipaza sauti ni kumvua kile alichokivaa. Msalimu, mkaribishe, inatosha.

Usilinganishe. "Wasimamizi wamemfunika bibi harusi" ni maneno ya kumwaga sumu kwenye familia mbili kwa pamoja. Usitaje weupe. Ukumbi mzima una wanawake wa rangi zote, na ukisema "mweupe kama nini sijui" umewaambia waliobaki kwamba wamekosa, na wapo mabinti wanaojichubua ngozi kwa maneno kama hayo. Usitaje unene wala wembamba. "Umenawiri" wengine watalipenda, lakini "umepungua" linaweza kuwa ugonjwa anaouficha, na "umenenepa" linaweza kuwa mimba ambayo mama yake hajaambiwa. Na kanga! Usisome jina la kanga ya mtu kwenye maiki ati ni kichekesho. Jina la kanga lina mlengwa wake, aliyelivaa anamjua, na mlengwa huenda amekaa meza ya pili.

Utasema ni utani tu, na hapo Tabora mko kwa Wanyamwezi, watu wa utani. Sawa, lakini utani una pande mbili. Mtani akikutania nawe una haki ya kumrudishia, palepale, kwa ukali uleule, na hakuna anayenuna. Yule dada angekurudishia kwa kitu gani? Na wala hujui kama ni mtani wako.

Upo upande wa sheria pia, na ujue. Kanuni ya Adhabu ina kifungu kilichoingizwa mwaka 1998, kwa namba 138D, na sheria ya makosa ya kujamiiana, nacho kinagusa maneno na siyo mikono peke yake: anayembughudhi mwenzake kingono kwa maneno au vitendo anaweza kufungwa hadi miaka 5, au kutozwa faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili. Sisemi sentensi yako ilifika huko. Ila kumsifu mwanamke mwili wake mara ya kwanza, akanuna, ukarudia, ukarudia tena, kila mara kwa sauti zaidi, ndiyo njia inayoelekea huko, iwe ukumbini, ofisini au kijiweni kwa bodaboda. Ofisini ni kubaya zaidi kama msifiaji ndiye bosi, maana anayesifiwa anahesabu mshahara kabla ya kujibu.

Kwa huyu dada, omba radhi, lakini si kwenye maiki, na wala usimtafute namba yake ya simu. Mpitie yule katibu au mama mtu mzima wa familia, apeleke maneno yako: kwamba ulimwinua bila ruhusa yake, kwamba ulizungumzia mwili wake mbele ya wageni, na kwamba unamwomba radhi yeye na waliokuja naye. Usiseme "kama nimekukwaza", maana umemkwaza. Usiseme ulikuwa unatania. Usiongeze kwamba kweli alikuwa mzuri, hapo utakuwa umerudia kosa. Kisha mtafute mpiga video siku hiyohiyo, kipande kile akikate kabla hajawakabidhi wenyewe. Akidai pesa ya kukaa tena kwenye kompyuta, mlipe kutoka kwenye ujira wako.

Jumamosi umesema una kazi nyingine. Andika sifa zako kwenye karatasi leo, zisizidi sita, unitumie kwa sauti kama utakavyozisema. Nitazisikiliza na shangazi yako hapa, na tutakurudishia kabla ya Ijumaa jioni.

Mama yako,
Ujiji, Kigoma